Stanley Morison, karani bila diploma aliyelibadilishia The Times herufi zake

Mwanafunzi anayemaliza masomo Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi analijua jina hili hata kama hajawahi kuuliza lilitoka wapi: Times New Roman, ukubwa wa 12. Mara nyingi ndilo sharti la kwanza analopewa wakati wa kuandika memware. Wanasheria wanaitumia, mashirika yanaitumia, na fundi wa kupiga chapa kando ya barabara anaikuta tayari ndani ya mashini yake bila kuitafuta.

Herufi hiyo ilizaliwa London, ndani ya gazeti. Mtu aliyeisimamia aliacha shule akiwa na miaka 14, akafungwa gerezani juu ya kukataa kwenda vitani, na kuchora hakujua. Aliitwa Stanley Morison. Alikufa mwaka wa 1967, na mpaka leo watu wa kazi ya uchapaji wanabishana kama herufi hiyo kweli ni yake.

Morison alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tano 1889 huko Wanstead, pembeni mwa London. Baba yake alikuwa mtu wa kutembeza biashara kutoka mji mmoja mpaka mwingine, na pombe ilimshinda. Siku moja aliacha mke na watoto, akaenda. Kijana alikuwa mwanafunzi wa Owen's School, lakini mama hangeweza kubeba mzigo wote peke yake. Morison akatoka shuleni na kutafuta kazi. Akawa karani ku biro mbalimbali, pamoja na benki moja ya Kifaransa yenye tawi pale London. Mchana aliandika hesabu za watu wengine, na saa za kupumzika alikwenda kusoma na kutazama vitabu vya zamani kule British Museum. Mama yake hakuwa mtu wa dini. Mtoto alifuata njia nyingine: mwaka wa 1908, akiwa na miaka 19, aliingia Kanisa Katolika, na hakutoka tena.

Kilichobadilisha maisha yake ni gazeti alilonunua ku kituo cha treni. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1912, pale King's Cross, alichukua The Times la siku hiyo. Ndani mlikuwa na kurasa za pekee juu ya kazi ya kuchapa: historia yake, mashini zake, herufi zake. Karani wa benki alisoma kurasa hizo akaona njia ya kutokea. Mlikuwa pia na tangazo la jarida jipya la wachapaji, The Imprint. Jarida hilo lilipotoka, mwezi wa kwanza 1913, lilitangaza kwamba linatafuta kijana mwenye elimu nzuri na mazoea ya kazi ya kutoa vitabu. Morison hakuwa na diploma wala mazoea. Aliandika barua hata hivyo, na mwenye jarida, Gerard Meynell, akamchukua.

The Imprint halikumaliza mwaka. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuingia mlango. Akahamia Burns & Oates, nyumba ya vitabu vya Kikatoliki, na hapo ndipo alipojifunza kazi kwa mikono na macho: kupima nafasi kati ya mistari, kuchagua karatasi, kuona kwa nini ukurasa mmoja unasomeka na mwingine unachosha.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja. Morison na rafiki yake Francis Meynell waliunda kikundi kidogo cha Wakatoliki waliotaka amani, wakachapa vijitabu vya sala na vya kupinga vita. Serikali ya Uingereza ilipolazimisha vijana kuingia jeshi mwaka wa 1916, Morison alikataa mbele ya waamuzi. Akafungwa. Mwaka huohuo alikuwa ameoa, kwa hiyo mwanamke yule alianza ndoa yake akiwa na bwana gerezani. Ndoa yenyewe haikudumu. Miaka kumi baadaye walikuwa wametengana. Kutoka gerezani alihamishiwa ku kambi za kazi za watu waliokataa vita, na alizunguka huko mpaka vita vikaisha. Ni kipindi ambacho yeye mwenyewe hakupenda kukisimulia sana, na wengi waliomjua baadaye, amevaa suti nyeusi na kofia nyeusi kati ya wakubwa wa London, hawangeweza kukikisia.

Kisha ikaja kazi iliyomfanya ajulikane. Miaka ya 1920 ilikuwa wakati wa mashini ya Monotype. Zamani, mfanyakazi aliokota herufi za risasi moja moja kwa mkono na kuzipanga mstari kwa mstari. Na Monotype, mtu alikaa mbele ya kibodi, akapiga maneno, na kibodi kikatoboa matundu ku mkanda wa karatasi. Mkanda ukapelekwa ku mashini ya pili, yenye risasi iliyoyeyushwa, nayo ikatoa herufi mpya, moja baada ya nyingine. Kazi ya siku nzima ilipungua sana. Lakini wapenzi wa vitabu walilalamika kwamba mashini inatoa kurasa mbaya. Morison aliona kwamba kosa si la mashini. Kosa ni la herufi inazolishwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 kampuni ya Monotype ilimchukua kuwa mshauri wake wa herufi, na akaanza kuifanya mashini hiyo itoe tena herufi nzuri za karne zilizopita.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu msomaji anaweza kudhani herufi ni herufi tu. Tazama herufi I kubwa ndani ya kitabu. Juu na chini ina vimstari vidogo vya pembeni, kama vimiguu. Wachapaji wa kwetu, waliojifunza kwa Kifaransa, huviita empattements. Vimiguu hivyo vinashika jicho ku mstari, lisipotee. Lakini havifanani. Ku herufi za aina ya Garamond, za karne ya 16, vimiguu ni laini na unene wa herufi haubadiliki sana. Ndizo ambazo mpaka leo mkusanyo wa vitabu vya Pléiade unatumia kule Paris. Ku herufi za Baskerville, Mwingereza wa karne ya 18, tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba inaongezeka, na herufi zinapanuka. Ku Bodoni na Didot, mwisho wa karne hiyo, vimiguu vinakuwa vyembamba kama uzi. Ku karatasi laini vinameta. Ku karatasi ya gazeti, na mashini inayokimbia, uzi huo unakatika ao unamezwa na wino. Kuchagua kati yao si jambo la urembo peke yake. Ni kuuliza: karatasi gani, wino gani, mashini gani, msomaji gani, na nafasi kiasi gani.

Morison alizirudisha nyingi: Baskerville, Fournier, Bembo, Bell. Hata Garamond, ingawa hiyo ilimletea aibu ndogo. Kampuni ilikuwa imenakili herufi zilizohifadhiwa ku Imprimerie nationale ya Ufaransa, ambazo watu wote waliamini ni za Claude Garamond. Mwaka wa 1926, jarida la The Fleuron, ambalo Morison alikuwa ndiye mwenye kuliongoza wakati huo, lilitoa makala ya mtu aliyejiita Paul Beaujon. Makala ilithibitisha kwamba herufi zile si za Garamond hata kidogo. Ni za Jean Jannon, mchapaji Mprotestanti wa Sedan, aliyezichonga karibu miaka 80 baadaye. Kampuni ya Monotype ilifurahishwa na ujuzi wa bwana Beaujon mpaka ikataka kumpa kazi. Kumbe Paul Beaujon alikuwa mwanamke, Mmarekani Beatrice Warde, aliyeandika kwa jina la mwanaume ili asikilizwe. Kazi aliipata. Alifanya kazi na Morison kwa miaka mingi, na ndiye aliyeeleza watu wa kawaida, kuliko Morison mwenyewe, sababu ya herufi kuwa na maana.

Mwaka wa 1929 The Times lilimwita. Inasimuliwa kwamba Morison aliambiwa gazeti hilo linataka kuipangia kampuni ya Monotype tangazo, naye akajibu kwa hasira kwamba afadhali kampuni ilipe pesa gazeti lisilipange, kwa namna linavyochapwa vibaya. Maneno hayo yakafika ku masikio ya mkurugenzi, ambaye badala ya kukasirika alitaka kumwona mtu huyo. Inasimuliwa pia kwamba Morison aliweka sharti moja kabla ya kukubali: jina la gazeti, ku ukurasa wa kwanza, lilikuwa na nukta nyuma yake, bila sababu yoyote. Nukta hiyo itoke. Ikatoka.

Wakati huo The Times lilikuwa gazeti la wakubwa wa serikali, maaskofu, majaji na wenye mali. Herufi zake zilikuwa za mtindo wa karne ya 19, nyembamba na za kijivu. Jina lake liliandikwa kwa herufi za Kigotiki, na wasomaji waliamini imekuwa hivyo tangu mwanzo. Kugusa kitu hapo ilikuwa kama kugusa altare. Morison aliandika maelezo marefu, yakachapwa nakala 25 tu mwaka wa 1930 kwa ajili ya wakubwa wa gazeti. Ndani alirudi nyuma mpaka asili ya magazeti ya Kiingereza kuonyesha kwamba mapokeo wanayoyalinda hayakuwa ya kale kama walivyofikiri. Ilikuwa akili ya mtu anayejua kusema na wazee: hakuwaambia waache ya zamani, aliwaambia warudi ku ya zamani zaidi.

Wakakubali kujaribu. Kurasa za majaribio zikapangwa, habari zilezile, kwa herufi mbalimbali, zikawekwa mezani.

Baskerville ilikuwa nzuri, lakini ni pana. Gazeti linahesabu kila milimita. Herufi pana inafukuza habari nje ya ukurasa. Perpetua, iliyochorwa na Eric Gill, mchongaji mawe ambaye Morison mwenyewe alimwingiza katika kazi ya herufi, ilikuwa ya heshima, lakini ni nyepesi na ndogo kwa jicho. Ingefaa kitabu kuliko safu ya gazeti. Plantin ilikuwa na nguvu. Herufi hiyo ilitoka Anvers, Ubelgiji, ku nyumba ya mchapaji Christophe Plantin wa karne ya 16, ambayo leo ni makumbusho. Fundi mkubwa wa Monotype, Frank Pierpont, alikuwa ameleta mfano wake kutoka huko na kuifanya iwe herufi ya mashini mwaka wa 1913. Jambo la kuchekesha ni kwamba mchongaji wa herufi zile alikuwa Mfaransa Robert Granjon, na Plantin mwenyewe karibu hakuzitumia. Ilikuwa nene, ya kudumu, inayovumilia wino mwingi. Lakini nayo ilikula nafasi.

Kulikuwa na njia rahisi. Magazeti mengi wakati huo yalikuwa yanachukua Ionic, herufi nene yenye vimiguu vizito iliyotengenezwa makusudi kwa mashini za mwendo kasi. Morison hakuipenda. Aliona inasomeka, ndiyo, lakini haina sura. The Times, ambalo lilichapwa ku karatasi nyeupe na nzuri kuliko ya magazeti mengine, lingeweza kubeba kitu chenye makali zaidi. Akaamua: hakuna hata moja kati ya zilizopo inayofaa. Ichorwe mpya, yenye mifupa ya Plantin, lakini iliyonyooshwa, iliyobanwa, na vimiguu vilivyochongoka.

Na hapa ndipo ubishi unapoanza. Mkono ulioshika kalamu haukuwa wa Morison. Ulikuwa wa Victor Lardent, kijana mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilohilo. Morison alieleza baadaye kwamba yeye ndiye aliyechora michoro ya kwanza kwa penseli na Lardent akaisafisha. Lardent alikumbuka vingine: kwamba alipewa picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani chenye herufi za Plantin, akaambiwa afanye kazi kutoka hapo, kisha Morison akawa anarudi kusahihisha. Maneno hayo mawili hayakupatana kabisa mpaka wote wawili walipokufa, Lardent mwaka mmoja baada ya Morison. Ni vigumu kutoona ukosefu wa haki. Mmoja ana vitabu juu ya maisha yake; mwingine anatajwa ku mstari mmoja, mara nyingi na jina lake la pili tu. Mwaka wa 1994 mtaalamu mmoja Mmarekani aliongeza moto: alidai mchoro wa asili ni wa mwaka wa 1904, kazi ya William Starling Burgess, mtengenezaji wa mashua. Wengi waliochunguza madai hayo hawakuyakubali.

Kutoka ku meza ya Lardent, michoro ilikwenda ku kiwanda cha Monotype kule Salfords, kusini mwa London, ambako mafundi waligeuza kila mchoro kuwa chuma, kila herufi kwa kila ukubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi. Herufi ndogo kama a, e na o zilipewa tumbo kubwa, shingo za b na d na mikia ya p na q zikafupishwa, na hivyo mistari ikaweza kukaribiana bila kugongana. Kwa nafasi ileile, maneno mengi zaidi yakaingia, na bado yakaonekana makubwa. Wenye gazeti walitaka pia maoni ya mganga wa macho, naye hakupinga.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 1932, wasomaji waliamka na gazeti jipya. Herufi mpya, vichwa vya habari vipya, na jina la gazeti bila Kigotiki. Wengine waliandika barua za kulalamika, hasa juu ya jina lile la juu, lakini uasi ambao wakubwa waliuogopa haukutokea. Kwa Morison huo ndio ulikuwa ushindi. Katika maandishi yake yaliyojulikana zaidi, yaliyotoka mwaka wa 1930 juu ya kanuni za kwanza za uchapaji, alikuwa amefundisha kwamba herufi njema ni ile ambayo msomaji haioni. Anayepanga ukurasa hayuko pale kujionyesha. Yuko pale kumfikisha msomaji ku maneno ya mwandishi.

The Times lilibaki na herufi hiyo peke yake kwa mwaka mmoja, kisha ikauzwa kwa wote. Kinyume na ilivyodhaniwa, magazeti mengine hayakuikimbilia. Karatasi yao mbovu iliharibu vimiguu vile vilivyochongoka. Waliochukua ni wenye vitabu na majarida. Miaka mingi baadaye, ilipoingizwa ndani ya Windows na kuwa herufi ya kawaida ya programu ya Word mpaka mwaka wa 2007, ikafika mahali ambapo gazeti lenyewe halikuwahi kufika. Kuna uzito fulani ndani ya jambo hilo: herufi iliyobanwa kwa ajili ya safu nyembamba za gazeti leo inapangwa ku karatasi pana ya memware, mistari mirefu kutoka pembe mpaka pembe, ambako mapengo yanahitaji kuongezwa ili jicho lisichoke. Ndiyo sababu maagizo yanadai nafasi ya mstari mmoja na nusu.

Morison hakusimama hapo. Gazeti lilimpa kazi ya kuandika historia yake, na aliiandika kwa vitabu vinne, kati ya 1935 na 1952, bila kuweka jina lake. Usiku mmoja wa mwezi wa tano 1941, mabomu ya Wajerumani yaliteketeza nyumba yake pamoja na maktaba aliyoikusanya maisha yote. Akaanza kukusanya tena. Kati ya 1945 na 1947 aliongoza Times Literary Supplement. Serikali ileile iliyomfunga ilitaka kumpa cheo cha heshima cha Sir, alikataa. Alipenda treni kuliko gari, alibaki Mkatoliki wa kanisa na msoshalisti wa mawazo, na hakuona taabu kuwa vyote viwili.

Alikufa London tarehe 11 mwezi wa kumi 1967, macho yakiwa yamekwisha kudhoofika. Kitabu alichokifanyia kazi kwa miaka mingi, juu ya John Fell na herufi za chuo kikuu cha Oxford za karne ya 17, kilitoka siku iliyofuata. Kilikuwa kimepangwa kwa herufi za Fell zenyewe, bila Monotype, risasi moja moja, kwa mkono.